Kuruka kwa macho wingu linaposhuka Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa urubani na wenye leseni changa wanaorukia Uwanja wa Wilson, Nairobi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, miezi ambayo jua huchelewa na wingu hulala juu ya jiji hadi karibu saa sita. Ni maswali ninayoulizwa mwaka nenda mwaka rudi, darasani, kantini, na kwa simu usiku wa kuamkia safari. Namba za kanuni nilizotaja ni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kabla ya kuruka, soma AIP, yaani kitabu rasmi cha taarifa za anga, ya nchi unayorukia, kwa maana kila nchi ina nyongeza zake.

Mwalimu, VFR, yaani kuruka kwa macho, ni kuona nini hasa?

Ni kuona mambo matatu. Unaiweka ndege sawa kwa kutazama upeo, unajua ulipo kwa kutazama ardhi, na unaepuka kugongana na wenzako kwa kuwaona. Kazi zote tatu zinabebwa na macho. Ndiyo maana wingu likikufunika hupotezi kitu kimoja halafu kingine. Unavipoteza vyote kwa mpigo.

Kanuni zinataka uwe na mwonekano wa kilomita 5 ukiwa chini ya futi 10,000, na ukae mbali na wingu mita 1,500 kwa upande na futi 1,000 kwa juu au chini. Ukipita futi 10,000 mwonekano unapanda hadi kilomita 8. Karibu na ardhi, nje ya anga inayodhibitiwa, kanuni ya umbali na wingu hulegea: inatosha kuwa nje ya wingu na kuiona ardhi. Ndani ya ukanda wa udhibiti wa uwanja hupaswi kuruka wala kutua kwa VFR ikiwa mawingu yanayofunika zaidi ya nusu ya anga yako chini ya futi 1,500, au mwonekano haufiki kilomita 5, mpaka upewe kibali maalumu.

Kilomita 5 zikitajwa darasani zinasikika nyingi. Angani, kwa kasi ya noti 100, yaani kama kilomita 185 kwa saa, ni dakika moja na nusu na sekunde chache.

Kwa nini Wilson panatajwa kuwa pagumu kuliko viwanja vingine vya mafunzo?

Kwa sababu ya mahali ulipo. Uwanja uko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kilomita 12 hivi mashariki yake iko JKIA, uwanja mkubwa wa kimataifa. Ndege kubwa zinazotua huko kwa njia ya 06 huja kutoka kusini-magharibi, zikishuka juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita chache tu kusini mwa Wilson. Magharibi kuna milima ya Ngong, ambayo kilele chake kinafika mita 2,460, zaidi ya futi 8,000. Kaskazini-magharibi ardhi yenyewe inapanda kuelekea Limuru hadi ikapita futi 7,000, na mbele zaidi kuna Aberdare yenye kilele cha zaidi ya futi 13,000.

Siku ya jua nafasi inatosha. Wingu likishuka, kila upande unakusogelea. Huwezi kupanda kwa sababu ya wingu, na hata lisingekuwepo, juu ni njia ya ndege kubwa. Huwezi kushuka, chini ni mapaa ya Lang'ata na Rongai. Huwezi kwenda magharibi, Ngong imefunikwa. Na si wewe peke yako: mwanafunzi mwenzako, helikopta ya watalii na ndege ndogo ya Caravan inayorudi kutoka Mara na mizigo, wote wamesukumwa kwenye tabaka lile lile jembamba, wote wanatafuta uwanja ule ule.

Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo, zote za hapa Wilson, ziligongana juu ya hifadhi. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mkufunzi na mwanafunzi wake waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Sisemi kwamba wingu ndilo lililosababisha. Naitaja ajali hii ili ujue anga yetu ilivyojaa hata kabla wingu halijaipunguza.

METAR, ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, inasema wingu liko futi 1,800. Hiyo si nafasi ya kutosha?

Swali hili ndilo ninalotaka kila mwanafunzi anijibu kabla sijamruhusu kwenda peke yake. Kimo cha wingu kwenye METAR hupimwa kutoka uwanjani, si kutoka baharini. Kwa hiyo chukua kalamu. Uwanja uko futi 5,500. Ongeza 1,800. Wingu liko futi 7,300 juu ya bahari. Kilele cha Ngong kiko zaidi ya futi 8,000, kwa hiyo futi 700 za juu za mlima huo huzioni. Ziko ndani ya pamba. Na Limuru, ambako ardhi iko karibu kimo hicho hicho, hakuna nafasi kabisa: wingu limekaa juu ya majani chai, na watu wa huko wanaliita ukungu.

Wingu la "futi 1,800" ukiwa mazoezini kwenye mzunguko wa uwanja ni jambo moja. Wingu hilo hilo kwa mtu anayetaka kwenda Naivasha ni mlango uliofungwa. METAR haijasema uongo. Imekuambia habari za Wilson tu. Hesabu ya ardhi iliyo mbele yako ni kazi yako.

Jambo dogo kuhusu saa. METAR hutumia saa za Zulu, yaani saa za dunia (UTC), na wengi huchanganyikiwa wakipita kwanza kwenye saa za Kizungu. Kwa saa zetu za Kiswahili, toa 3 tu. 0500Z ni saa 2 asubuhi, 0900Z ni saa 6 mchana, 1200Z ni saa 9 alasiri. Ripoti ya 0300Z si ya kutegemea unapowasha injini saa 4, hasa wakati huu wa mwaka.

Wingu la Juni hadi Agosti huondoka saa ngapi?

Mara nyingi huanza kuinuka na kupasuka kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, na siku nyingine haliondoki kabisa. Ni hewa yenye unyevu inayotoka upande wa bahari, ikapandishwa na nyanda za juu huku juu yake kuna tabaka la hewa ya joto kiasi linalofanya kazi ya kifuniko cha sufuria. Jua likipasha ardhi ya kutosha, kifuniko kinafunguka. Usipange safari ya saa 2 asubuhi halafu ukae kwenye ndege ukilitazama wingu kana kwamba linakudai. Panga ya saa 5.

Mvua za Machi hadi Mei ni tatizo jingine: asubuhi njema, alasiri mawingu ya radi. Hayo huyakaribii. Acha kilomita 30 au zaidi, na usipite chini yake hata kama unaona mwanga upande wa pili.

VFR maalumu ni nini, na naweza kuiomba?

Ni kibali cha kuruka ndani ya ukanda wa udhibiti wakati hali ya hewa imeshuka chini ya viwango vya VFR. ICAO inataka mwonekano wa ardhini usipungue mita 1,500, na wewe ukae nje ya wingu ukiiona ardhi. Kibali lazima ukiombe wewe. Mnara wa waongoza ndege hauruhusiwi kukusukumia, na unaweza kukataa au kukuweka usubiri, kwa sababu sasa una kazi ya kukutenganisha na ndege zinazoruka kwa ala, yaani kwa vipimo vya ndani ya ndege.

Watu husikia neno "kibali" wakadhani wamehakikishiwa usalama. Kibali kinasema tu kwamba hakuna ndege nyingine atakayokugonganisha nayo mwongoza ndege. Hakisemi neno lolote kuhusu mlima, nyaya za umeme, au wingu lililoko kilomita 3 mbele. Tena kinaishia mpakani mwa ukanda. Ukivuka mpaka huo, umerudi kwenye VFR ya kawaida, na kama hali haitoshi, umeshavunja kanuni na huna pa kushika.

Halafu kuna hesabu ya kugeuka. Kwa mwendo wa noti 100, ukigeuza ndege kwa kasi ya kawaida ya digrii 3 kwa sekunde, duara lako lina upana wa karibu kilomita 2. Mwonekano wa mita 1,500 ni mdogo kuliko duara hilo. Maana yake, unapoanza kugeuka huoni mpaka upande wa pili wa duara lako, na ukichelewa sekunde kumi hivi tangu ulione wingu mbele, utaligusa. Punguza mwendo na duara litapungua, lakini punguza mapema, si ukiwa umeshaingiwa na hofu.

Maoni yangu: VFR maalumu ni nzuri kwa kuingia nyumbani. Uko nje ya ukanda, nyuma yako kweupe, uwanja unauona au unajua hakika uko dakika 4 mbele, na wingu limeshuka kidogo kuliko lilivyotabiriwa. Iombe, ingia, tua. Kuitumia kutoka, kwenda kwenye hali usiyoijua, sikubaliani nako, na wanafunzi wangu siwapi ruhusa hiyo.

Kuna ajali inayofunza jambo hili waziwazi?

Iko moja ambayo uchunguzi wake ulifanywa kwa kina na ukatangazwa hadharani. Ni ile ya helikopta aina ya Sikorsky S-76B iliyoanguka Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020, ikiwa na watu 9, akiwemo mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na binti yake. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya jina hilo. Mimi naifundisha kwa sababu ya zile dakika 40 za safari.

Helikopta iliondoka Orange County muda mfupi baada ya saa 3 asubuhi kwa saa za huko, ikielekea Camarillo. Wingu lilikuwa chini. Ilipofika karibu na uwanja wa Burbank, rubani aliomba VFR maalumu kupita kwenye anga ile. Burbank ulikuwa na shughuli: kulikuwa na ndege za ala zinazoingia, kwa hiyo aliambiwa asubiri. Akazunguka hapo kama dakika 12. Kisha akaruhusiwa, akapita, akavuka anga ya Van Nuys, akaelekea magharibi akiifuata barabara kuu ya 101 huku ardhi ikipanda na wingu likikaa pale pale.

Tazama hapo. Alikuwa amesubiri. Alikuwa amepewa kibali. Sehemu ngumu, yaani uwanja wenye msongamano, ilikuwa imekwisha. Mtu akishavuka kizuizi kama hicho moyo unamwambia amefika, na kurudi kunaonekana ni kutupa kila alichokwisha kulipa. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, waliitaja tabia hiyo ya kung'ang'ania mpango miongoni mwa mambo yaliyochangia, pamoja na shinikizo alilojiwekea rubani mwenyewe na usimamizi hafifu wa kampuni.

Alimwambia mwongoza ndege kwamba anapanda hadi futi 4,000 ili atoke juu ya wingu. Alifika kama futi 2,370. Kisha helikopta ikaanza kuzunguka kushoto na kushuka, kwa kasi iliyopita futi 4,000 kwa dakika. Mwongoza ndege alipomuuliza ana nia gani, akajibu kwamba anapanda hadi 4,000. Wakati anasema hivyo, alikuwa anashuka. Hakuwa anadanganya, mwili wake ulimwambia anapanda.

Helikopta haikuwa na hitilafu. Rubani alikuwa na sifa za kuruka kwa ala, ila kampuni yake ilikuwa na idhini ya kubeba abiria kwa VFR tu. Februari 2021 NTSB ilisema chanzo ni uamuzi wa rubani kuendelea na safari ya VFR hadi ndani ya wingu, akapoteza mwelekeo wa mwili na udhibiti wa ndege.

Inawezekanaje mtu mzoefu asihisi kwamba ndege imelala?

Sikio la ndani lina mirija mitatu yenye majimaji. Ukigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, vinyweleo vilivyomo vinapinda, ubongo unajua unageuka. Lakini ukigeuka polepole sana, pungufu ya digrii 2 kwa sekunde hivi, majimaji hayatikisiki vya kutosha na huhisi chochote. Na ukiendelea kugeuka kwa kasi moja kwa sekunde 20, majimaji yanakuwa yameshafikia mwendo wa mirija, na ubongo unakuambia umenyooka. Ukinyoosha ndege kweli, unahisi umelala upande wa pili, kwa hiyo unarudi ulikotoka. Pua inashuka, kasi inapanda, unavuta usukani, na kuvuta kunakaza mzunguko.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya ala kikawaingiza katika hali ya wingu la kuigiza. Wote 20 walipoteza udhibiti. Aliyechukua muda mfupi zaidi alifika sekunde 20, aliyedumu zaidi sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178. Haifiki dakika tatu. Na hao walikuwa kwenye ndege nzima, na mtu wa kuwaokoa kando yao.

Nimeshaingia ndani ya wingu. Nifanye nini sasa hivi?

Macho kwenye ala ya upeo. Nyoosha mbawa. Usifanye jambo jingine mpaka mbawa ziwe sawa. Usitazame nje tena. Nje hakuna kitu, na kila ukichungulia sikio linapata nafasi ya kukudanganya. Shika usukani kwa vidole viwili, kwa maana mkono wenye hofu huvuta.

Kisha chagua. Kama ulikotoka ni kweupe na ardhi ya huko unaijua, laza bawa digrii 15, si zaidi, geuka digrii 180 kwa dakika moja, nyoosha, ngoja. Kama kuna mlima karibu na hujui vizuri ulipo, panda kwanza, mbawa zikiwa sawa, nguvu yote ya injini, pua kwa kiasi ulichofundishwa. Usishuke kutafuta tundu. Ngong na Aberdare zimejaa habari za watu waliotafuta tundu.

Mbawa zikiwa sawa ndipo uzungumze. Kama tayari uko na mnara au rada, baki kwenye masafa hayo hayo: MAYDAY au PAN PAN mara tatu, namba ya ndege, "nimeingia kwenye wingu, mimi ni rubani wa VFR," kimo chako na uelekeo. Kama huna unayezungumza naye, nenda masafa ya dharura, 121.5, na uweke namba ya dharura, 7700, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwa rada. Mwongoza ndege anayejua hali yako anaweza kukuondolea ndege nyingine, kukupa uelekeo wa kwenda mbali na milima, na kukuachia masafa uyatumie peke yako. Asiyejua ataendelea kukuita namba ya tatu kwenye foleni.

Nina sifa za ala. Nikizidiwa si nitaomba IFR, yaani kuruka kwa ala, nikiwa angani?

Unaweza kuomba, lakini IFR huanza na kimo salama, na kimo hicho lazima uwe nacho kabla ya wingu, si baadaye. Kaskazini-magharibi mwa Nairobi kimo salama kwa sababu ya Aberdare kinapita uwezo wa Cessna 172 nyingi. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ya Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi na watu 10 iligonga Aberdare ndani ya wingu, na hakuna aliyepona. Ilikuwa inaruka kwa ala, na uchunguzi ulibaini kwamba ilikuwa chini ya kimo cha chini kilichochapishwa kwenye ramani ya kuingilia Nairobi. Sifa za ala bila kimo hazikusaidii.

Nijuaje kwamba ni wakati wa kurudi?

Huwezi kujua ukiwa angani. Angani kila dakika inafanana na iliyopita, mbaya zaidi kidogo tu. Lazima uwe umeandika namba ukiwa ardhini, na kikombe chako cha chai mkononi, wakati hakuna kinachokukimbiza. Mimi huandika mbili juu ya karatasi ya safari: kimo ambacho sitashuka chini yake na mwonekano ambao sitauvumilia. Kwa mwanafunzi, futi 1,000 juu ya ardhi ya juu kabisa iliyo njiani na kilomita 8. Ikivunjika moja, tunarudi, hatujadiliani.

Nikupe mfano wa karibu. Julai moja nilikuwa narudi na mwanafunzi kutoka upande wa Magadi. Kule chini kwenye Bonde la Ufa jua lilikuwa kali, joto linapanda, nafasi tele. Magadi iko kama futi 2,000, kwa hiyo ardhi ilikuwa inatupandia muda wote tuliokuwa tukienda kaskazini. Tulipokaribia Kona Baridi niliona wingu limekaa juu ya ukingo wa bonde kama mtu aliyeegemea ukuta. Chini yake kulikuwa na ufa mwembamba wa mwanga, na ndani ya ufa huo nikaona mabati ya Kiserian yakimeta. Kijana akasema, "Mwalimu, uwanja ni hapo tu." Kweli ulikuwa hapo tu. Dakika 8, pengine 9. Redioni mnara ulikuwa unapanga foleni ya ndege 5, na mmoja wao alikuwa ameshaombwa azunguke.

Matone madogo yakaanza kutembea kwenye kioo cha mbele, kutoka chini kwenda juu. Nikamwuliza namba yetu ni ngapi. Akatazama karatasi, akaisoma, akanyamaza. Kisha akageuza ndege mwenyewe, kushoto, taratibu, bila mimi kugusa usukani. Tulirudi Magadi, tukatua, tukakaa kivulini kwa muda wa saa tatu na nusu. Saa 9 alasiri tulipita Kona Baridi tukiwa na futi 2,000 za nafasi. Siku hiyo nilimwandikia kwenye kitabu chake kwamba yuko tayari kwenda peke yake, na sababu niliyoandika ni ule mgeuko.

Naogopa kuusumbua mnara wakati wana kazi nyingi.

Hili linanihuzunisha kila ninapolisikia, maana nalijua lilikotoka. Sauti ya redioni ni ya haraka, Kiingereza chake kimekatwa katwa, na mwanafunzi anaona aibu kuivunja foleni. Kwa hiyo anaambiwa aelekee mahali fulani, anaona wingu huko, anajibu "sawa" na anaenda.

Mwongoza ndege halioni wingu lako. Ana rada, na rada hiyo inamwonyesha ndege. Kitambaa cheupe kilichoko mbele ya pua yako hakimwonyeshi. Kwa VFR jukumu la kukaa nje ya wingu na mbali na ardhi ni lako, hata ukiwa umepewa uelekeo na yeye. Ukiona huwezi kutekeleza, sema huwezi, kwa sababu ya wingu, na useme unachoweza: "naweza kubaki juu ya hifadhi kwa futi 6,500," au "naomba kurudi kusini." Maneno mawili matatu. Nimewasikia waongoza ndege wakipanga upya foleni nzima kwa sekunde 15 kwa sababu mwanafunzi alisema mapema. Akisema akiwa amechelewa, hawana la kupanga.

GPS na ramani ya kwenye tableti haitoshi?

Inakuambia ulipo. Haikuambii mbawa zako zimekaaje, wala wingu liko wapi sasa hivi. Na inakushawishi uendelee, kwa kuwa mstari mwekundu unaonekana mfupi.

Mimi naruka Dar es Salaam hadi Zanzibar. Hakuna milima, hatari iko wapi?

Iko kwenye upeo. Safari ni kama kilomita 70, karibu yote juu ya maji, na viwanja vyote viwili vina ndege nyingi. Wakati wa masika, mvua ikining'inia na bahari ikiwa ya kijivu, mstari kati ya anga na maji unapotea kabisa. Uko nje ya wingu, mwonekano unaweza hata kuwa wa kilomita 6, lakini hakuna cha kulinganishia mbawa. Ni wingu lisilo na jina. Jifunze kutumia ala ya upeo katika safari hiyo hata siku ya jua, na mvua ikikaa juu ya uwanja wa unakokwenda, geuka ukiwa bado unauona ufuo uliotoka. Mvua ya pwani mara nyingi hupita ndani ya nusu saa. Kusubiri juu ya ufuo ukiwa na mafuta ya kutosha ni jambo la kawaida.

Mimi ni abiria tu. Rubani akisema tunarudi, nimwambie nini?

Mwambie asante. Kama kuna harusi, mazishi au mkutano unaokusubiri, usimwambie habari hizo kabla ya safari kwa namna ya kumbana. Rubani ni mtu. Atabeba uzito wako hata kama hasemi.

Nikitua mahali pengine badala ya nyumbani, nimjulishe nani?

Mtu wa kwanza ni yule uliyemwachia mpango wako wa safari. Kama hukuweza kuufunga kwa redio kabla ya kutua, piga simu kwa kituo cha huduma za anga mara tu injini inapozimika, kabla ya kufunga ndege, kabla ya chai. Zikipita dakika 30 tangu wakati uliotarajiwa bila habari zako, taratibu za kutafuta ndege huanza hatua yake ya kwanza, na watu wataanza kupiga simu kila uwanja mdogo kati ya ulikotoka na ulikokuwa unakwenda. Viwanja vingine, kama vya kule bondeni, mtandao hushika sehemu moja tu. Uliza ni wapi unaposhika, na uhifadhi namba ya simu kwenye karatasi, si kwenye simu ambayo betri yake imebaki asilimia 4. Wa pili ni mkufunzi wako. Hata ikiwa ni usiku, nitapokea.